Sitoki Mpaka Nipewe Jogoo

Jumatatu, 4 Agosti

Ndoo tena. Za lita ishirini, nyekundu. Kazi yangu vishikio: napachika, nasukuma, inakuja nyingine. Saa nne mashine ikagoma. Tukakaa bure chini ya bati linalochemka, msimamizi anatukodolea macho utadhani sisi ndio tulioiharibu. Nikatoa simu.

Wageni sita tangu jana. Sita! Kibaha nzima watu wanauziana viwanja, mpaka ukuta wa choo cha jirani yangu hapa Sofu umeandikwa "kiwanja kinauzwa". Mimi kiwanja changu pekee kiko ndani ya gemu.

Neema ndiye aliyenifundisha. Mtoto wa Moshi, tunasimama naye mstari mmoja hapa Zegereni. Gemu lenyewe halina ugumu. Unapewa ardhi tupu, unajenga unachotaka, watu usiowajua wanapita, wanaangalia, wanakupa nyota na maneno. Wanaweza kusogeza vitu na kuacha vyao pia. Wengine wanajenga maghorofa na viwanja vya ndege. Mimi nimejenga nyumbani kwa Baba, Kisarawe. Nimepaita "Kwa Mzee Salum". Nyumba ya udongo, bati upande mmoja, makuti upande wa pili. Mikorosho mitatu. Mtungi. Kiti chake cha uvivu. Mikeka imetandikwa uani kama siku ya msiba. Nyuma ya mikorosho, kaburi.

Kaburi nimeliacha wazi. Shimo tu. La kweli sijaliona. Siku ya kuzika sisi wanawake tulibaki ndani, tukasikia wanaume wanaondoka na jeneza wakisoma, sauti zikapungua mpaka zikaisha. Hiyo ni mwezi wa nne. Mpaka leo sijaenda. Sijui lilifungwaje, kwa hiyo nikajenga nilipofikia.

Sharti moja linanikosesha raha. Kiwanja kipya kinawekwa mbele, watu wakione, mpaka mwezi uishe. Kikiwa chini ya nyota nne, kinafutwa. Chote. Picha unaweza kupiga, lakini picha huingii ndani ukazunguka. Mwisho wangu tarehe thelathini na moja.

Na nyumba yenyewe ya Kisarawe haipo tena. Kaka Shabani ameibomoa, anapandisha ya tofali. Iliyobaki ni hii ya kwenye simu. Sitaki ifutwe. Basi.

Jumanne, 5 Agosti

Nne nukta tatu. Mtu kaandika: "Pazuri. Pamenikumbusha nyumbani." Nimeisoma mpaka ndoo mbili zikapita hazina vishikio. Msimamizi kasema. Aseme.

Shabani sijamwambia. Kwake kila kitu ni upuuzi au ni dhambi, inategemea kaamkaje.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira kweli.

Kuna mgeni anajiita Fimbo Moja. Kaingia, kazunguka kidogo, moja kwa moja kakaa kwenye kiti cha Baba. Kiti ambacho sisi watoto hatukukigusa hata Baba akiwa safarini. Kisha kaandika: "Mwenye nyumba alikuwa mvivu huyu. Tazameni ukuta ulivyoinama."

Ukuta umeinama kweli. Nimeuinamisha makusudi, nimehangaika nao jioni nzima, kwa sababu ulikuwa umeinama. Yeye inamhusu nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna kazi, nafua.

Fimbo Moja karudi. Kakihamishia kiti chooni. Kaandika: "Sasa yuko ofisini." Nikakirudisha. Nimemaliza kuanika mashuka, nachungulia, kiti kiko chooni tena.

Na ana genge. Watu watatu wanamfuata nyuma, wanamchekea kila anachoandika. Nawaona kabisa: watoto wa mjini, wameshiba, simu kubwa kuliko akili. Hawajawahi kuzika mtu hao.

Jumapili, 10 Agosti

Leo kaleta ng'ombe.

Ng'ombe! Weusi, wekundu, wa madoa, wamelizunguka shimo. "Tumemletea rafiki zake. Akiwaona ataamka akimbie." Maana yake nini? Kwetu hatukufuga ng'ombe. Hatukufuga hata mbuzi. Nimewaondoa mmoja mmoja kwa kidole. Chai imepoa, sikuinywa.

Silali vizuri. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi.

Jumanne, 12 Agosti

Kaingia kaburini.

Kajilaza chali, mikono kifuani. Ndani ya shimo la baba yangu. Kaandika: "Kulala ndiyo ilikuwa kazi yake, sasa kapata ajira ya kudumu. Mimi namkagulia kitanda. Sitoki mpaka nipewe jogoo."

Jogoo. Humu kila kitu kinaombwa. Mtu anapita: nipe taa, nipe mlango, nipe mnazi. Ombaomba watupu. Jogoo ni kitu kama vingine, unacho, unampa mtu, anakwenda kukiweka kwake. Huyu kaona pahali pazuri pa kuombea ni kaburi la mtu.

Nilikwenda choo cha kiwandani nilie. Machozi hayakuja. Siku ya msiba pia hayakuja, nilikuwa nagawa chai. Watu wakasema Zuhura jasiri. Jasiri wa nini? Nilikuwa nahesabu vikombe.

Jumatano, 13 Agosti

Bado yumo.

Wageni wameongezeka ajabu. Wanakuja kumwangalia Fimbo Moja alivyolala. Wanakaa kwenye mikeka, wanacheka, wanamjibu. Mmoja kamuuliza, "Kunalalika?" Kasema, "Kunalalika, ila marehemu anakoroma." Watu hoi. Mimi nimeuma meno.

Nne nukta moja. Sijui nani kanishusha. Namjua aliyenishusha.

Ijumaa, 15 Agosti

Neema kasema: mripoti. Kuna kitufe. Akibonyeza mtu mmoja wenye gemu hawashtuki, wakibonyeza wengi wanashtuka.

Kabla ya hapo nilichungulia kiwanja cha Fimbo Moja mwenyewe, nijue nashindana na mtu gani. Zizi. Zizi kubwa la miti na ng'ombe tele, na kila ng'ombe juu yake jina. Nikasema huyu kweli hana kazi ya kufanya.

Saa ya chakula Neema akasimama kwenye benchi, akaieleza habari yangu kwa uchungu kuliko mimi. Mtoto yatima, kaburi, wahuni. Anajua kusema yule, angeuza hata maji mtoni. Watu wa ndoo wakatoa simu, watu wa mabeseni wakatoa simu, ugali mkono mmoja. Wamewaripoti Fimbo Moja na wenzake watatu. Sababu tuliyochagua: kudhalilisha marehemu.

Nilijisikia nina ukoo.

Jumapili, 17 Agosti

Wamefungiwa! Ujumbe umeingia asubuhi. Wote wanne, akaunti zimefutwa pamoja na viwanja vyao.

Nimepiga kigelegele peke yangu chumbani. Mpangaji mwenzangu akagonga ukuta akauliza nani kajifungua.

Jumatatu, 18 Agosti

Tatu nukta nane.

Nilidhani simu imekosea. Nikazima, nikawasha. Tatu nukta nane. Neema alikuwa wa kwanza kuelewa, akaacha kutafuna. Akaunti ikifutwa, na nyota zake zinaondoka. Kama walinipa moja moja, kuondoka kwao kungenipandisha. Kumenishusha. Kwa hiyo walinipa tano. Wote wanne.

Mtu anamwita baba yangu mvivu, anamweka chooni, anamlalia kaburini, halafu anampa nyota tano. Nimeshinda siku nzima nalizungusha hilo kichwani na silielewi.

Jumatano, 20 Agosti

Kimya. Hakuna anayepita. Kiti kiko mahali pake, ng'ombe hakuna, shimo tupu, mikeka mitupu. Kila kitu nilivyotaka kiwe.

Siwezi kukaa humo hata dakika mbili. Panatisha.

Nimefagia chumba mara mbili. Nimegombana na muuza mihogo bila sababu, na mihogo yenyewe nikaiacha kwake.

Jumamosi, 23 Agosti

Kisarawe. Nimepita njia ya Kiluvya kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi Mwajuma anapepeta mchele uani, nyuma yake mafundi wa Shabani wanapanga tofali pale palipokuwa na chumba cha Baba. Sikuangalia huko. Shangazi ni dada yake Baba wa kufuatana, wamefanana mpaka pua. Nikaona bora nimwonyeshe. Nikamkalia karibu, nikamfungulia simu.

Akakitazama kiwanja muda mrefu. Akaugusa ukuta kwa kidole chenye unga wa mchele. "Umeuinamisha," akasema. Nikasema ndiyo.

Nikamweleza basi kuhusu yule mhuni. Nikamsomea maneno yake, niliyapiga picha yote kama ushahidi. Uvivu. Choo. Ng'ombe. Nilipofika kwenye kulala kaburini Shangazi alikuwa ameshaweka ungo chini. Nikasema, sasa hilo la mwisho ndilo la ushenzi kabisa: sitoki mpaka nipewe jogoo.

Akacheka. Alianza taratibu halafu akashika mbavu, kitenge kikafunguka, machozi yakamtoka. Fundi mmoja akaacha mwiko akatutazama. Mimi nimekaa tu kama kinyago.

"Zuhura, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Huyo si mhuni. Huyo mtani."

Nikaiweka simu chini.

Nimekulia humo. Misiba yote ya utotoni niliwaona: wanaingia na viatu, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wanaficha sufuria ya wali, mmoja anashuka kaburini anagoma kutoka mpaka apewe ada. Waliofiwa wanacheka huku wanalia, na hakuna anayekasirika, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Kazini kwetu Wasukuma wananitania kila siku na mimi nawarudishia. Ningeyasikia kwa sauti ya mtu, hata neno moja, ningejua. Kwenye kioo niliona matusi matupu.

"Wa Baba ni Luhende," akasema Shangazi. "Msukuma wake. Nani mwingine anajua baba yako alikuwa anaogopa ng'ombe?"

Baba? Akiogopa ng'ombe? Ndiyo, akasema, tangu mdogo. Luhende alikuwa anachunga kule bondeni, akimwona Baba anawaelekeza ng'ombe makusudi upande wake, Baba anapanda mkorosho na kanzu yake. Ndiyo maana maziwa siku zote tulifuata sisi watoto. Nilidhani ni adabu, mzee kutuma mtoto.

Kisha akaniambia lile ambalo sikulijua, maana tulikuwa ndani, naye alisimuliwa baadaye na wanaume. Siku ya maziko Luhende alikuja. Alivua viatu, akainama ukingoni ashuke. Shabani akamshika mkono, akamwambia mambo hayo hatuyataki tena, si ya dini. Mzee akasimama pembeni na viatu vyake mkononi mpaka wakamaliza. Hakula. Akaondoka.

"Kaka yangu kazikwa kimya kama mgeni," Shangazi akasema. Akarudi kwenye ungo wake.

Jumapili, 24 Agosti

Shangazi alitaka twende makaburini asubuhi. Nikasema jua kali. Lilikuwa bado halijatoka vizuri.

Namba ya Mzee Luhende anayo Shabani peke yake. Nilimfuata kwenye tofali zake. Nilitegemea mahubiri. Akaitafuta, akanitajia, mimi naandika. Halafu akasema bila kuniangalia, "Alinipigia baada ya msiba kunipa pole. Mara mbili. Sikupokea." Akachukua ndoo ya maji akaenda zake.

Anaishi Mbwawa siku hizi. Mbwawa! Kibaha hiyo hiyo, pikipiki moja tu kutoka kwangu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimepiga. Kapokea msichana, sauti kavu. Minza, binti yake. Nikasema mimi Zuhura wa Mzee Salum. Akasema, "Najua. Wewe ndiye uliyetuulia ng'ombe."

Fimbo Moja ni yeye. Yeye vidole, baba yake maneno. Alikiona kiwanja changu kwenye vile vipya, akampelekea mzee simu kwa sababu ya jina. Mzee kautazama ukuta tu akasema, "Kwa Salum hapa. Kafa, na bado ukuta hajaunyoosha." Tangu siku hiyo kila mchana alikuwa anamwambia nenda pale, hamisha kile, sema hivi. Wale watatu ni binamu zake.

Na lile zizi. Ng'ombe wa mzee waliuzwa malisho yalipokwisha, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kukataa. Minza akawajenga upya kwenye simu, mzee anamtajia mmoja mmoja: jina, rangi, pembe ipi imepinda. Wakamaliza kundi zima. Mzee akawa anakaa na simu anawaangalia mchana. Tarehe kumi na saba asubuhi akaomba simu, kukawa hakuna kitu.

"Hajaiomba tena," Minza akasema.

Nikasema pole, na hapo hapo nikaona pole ni kitu kidogo sana. Akasema mzee anasema uje Jumamosi, na jogoo wako mkononi.

Nimekaa kitandani na viatu. Niliogopa kufutiwa kiwanja, nikaenda kumfutia mtu cha kwake. Na nikapiga kigelegele.

Alhamisi, 28 Agosti

Tatu nukta nane haisogei. Neema ana mpango. Mikono ile ile iliyoripoti itatoa nyota tano tano, Jumamosi jioni, wote kwa pamoja, gemu lisipate muda wa kushuku. Kashazungumza na watu wa mabeseni. Itapita nne bila wasiwasi. "Baba yako hafutwi," kasema, kanipiga bega.

Nimekubali. Ningekataaje? Ndicho nilichokuwa nakitaka mwezi mzima. Lakini nilipachika vishikio vya leo vyote kichwa chini, nikavirudia.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimenunua jogoo. Mwekundu, ana kelele, ana dharau. Kalala jikoni kwangu. Amenidonoa.

Jumamosi, 30 Agosti

Mbwawa. Njia ya mchanga, mashamba ya mihogo, nyumba mpya hapa na pale hazijapakwa lipu. Mimi nyuma ya pikipiki na tenga mapajani, jogoo anawika kila mtaa kama anatangaza.

Mzee Luhende alikuwa kibarazani kwenye kigoda, blanketi miguuni. Mrefu hata akiwa amekaa. Minza kasimama mlangoni, kakunja mikono. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo.

Hakuitikia. Aliangalia tenga. "Mtoe nimwone."

Nikamtoa. Akampindua, akampapasa kifua, akamtazama chini ya mbawa.

"Hiki ni jogoo au njiwa? Minza, njoo uone. Mzaramo kamtia baba yake shimoni miezi minne bila kunilipa ada, sasa ananiletea njiwa."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumanne, ya ng'ombe, ya kuripoti, ya Shabani. Akainua kiganja. "Utani hauombewi msamaha. Mtani akikasirika anatozwa. Wewe umekasirika sana, kwa hiyo huyu njiwa hatoshi. Nyamaza."

Sijui ilitoka wapi. Nikasema, "Na wewe Msukuma huna hata haya. Unalala kwenye shimo la mwenzako kwa sababu ya kuku."

Minza akakunjua mikono. Mzee akanitazama, halafu mdomo ukamfunguka, meno machache, akacheka mpaka kigoda kikasogea. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika."

Akataka aone. Nikafungua kiwanja, nikamshikia simu karibu. Akatembeza macho: kiti, mtungi, mikeka. Akaomba nimpeleke nyuma ya mikorosho. Akaliona shimo.

"Mbona mpaka leo liko wazi?"

Nikasema sijui linafungwaje. Sikuwepo.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Ada imefika. Tufukie."

Akaniambia jinsi ilivyokuwa. Mbao kwanza, zimelazwa mshazari. Juu ya mbao majani, mchanga usipite. Halafu udongo, mwekundu, wa mvua, ulikuwa unashika jembe. Shabani alianza, akampa mwingine, jembe likazunguka, hakuna aliyefukia mwanzo mpaka mwisho. Yeye aliona yote kutoka pembeni. Mimi nikaweka mbao kwa kidole. Nikaweka majani. Nikaweka udongo, tofali moja moja la gemu, hakuna mwekundu wa kutosha humo ndani, nikachanganya na kahawia. Nilipokuwa naharakisha akasema, "Taratibu. Hizo si ndoo." Minza alikuwa amekuja kukaa nyuma yetu. Akanionyesha namna ya kuinua udongo katikati uwe kama mgongo.

Tofali la mwisho likakaa. Mzee akatazama.

"Mvivu mkubwa," akasema. "Kaniacha mimi ndiye nichoke."

Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sauti, na katikati ya kucheka yakaja. Yote ya tangu mwezi wa nne. Nililia pale kibarazani mpaka pua, hakuna aliyenibembeleza, jogoo anawika. Ilipokwisha Minza akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe. Ya dukani. Akasema, "Kunywa. Hayana ng'ombe."

Nilimwomba anionyeshe pale palipokuwa na zizi. Akafungua kwa akaunti mpya. Ardhi tupu, majani ya kijani yanacheza na upepo wa bure. Majina hayakumbukwi yote, kasema, na mzee hataki kuanza upya. Nikasema tuanze na yule mwenye pembe iliyopinda, mimi nitajenga miti ya zizi, kila Jumapili. Mzee kajifanya hajasikia. Baadaye kidogo akasema, kama anasema na jogoo, kwamba ilikuwa pembe ya kushoto.

Nimetoka jua linapoa. Neema akapiga: watu tayari, atoe ishara? Nikamwambia aache. Akadhani mtandao unakatika. Nikarudia: acheni. Akaniuliza nina homa? Nikasema Baba kashazikwa. Kwetu matanga yakianuliwa mikeka inakunjwa, watu wanarudi makwao, hakuna anayebaki uani anang'ang'ania msiba. Akasema sawa, lakini watu wa mabeseni watanuna.

Wanune.

Jumapili, 31 Agosti

Kisarawe. Nimelala vizuri, nikachelewa pikipiki ya kwanza.

Shangazi alikuwa ananingoja na kanga mbili. Tumekwenda kwa miguu, hakuuliza kitu. Njia ina mikorosho iliyoanza maua. Shabani alitupita na baiskeli, akashuka, akatembea nasi kidogo. Nikamwambia nilikuwa kwa Mzee Luhende jana. Akasema, "Anaendeleaje?" Nikasema miguu. Akasema atakwenda. Sijui kama atakwenda.

Kaburi ni fupi kuliko nilivyojenga. Udongo umeshuka, nyasi zimeanza. Si nyuma ya mikorosho hata kidogo, ni upande wa barabara, panapita watu na baiskeli zao wakisalimia. Baba angependa hapo. Shangazi kaomba dua, mimi nikaitikia.

Kiwanja kitakuwa kimeshafutwa saa hizi. Sijafungua simu.

Kibao cha kichwani, chenye jina lake, kimeinama. Shangazi alikiona, mimi nikakiona. Sikukinyoosha.